Kundi Lenye Majina

Nchini Rwanda na Burundi ipo salamu ya heshima ambayo wazee wangali wanapeana. Mmoja husema, "Amashyo!" Mwenzake huitikia, "Amashongore!" Wa kwanza amemtakia mwenzake makundi ya ng'ombe. Wa pili ameipokea dua hiyo na kuirudisha ikiwa nono zaidi: makundi ya majike. Katika maneno mawili wamegusa jambo ambalo takwimu nyingi za mifugo hulipita bila kulitazama, kwamba kundi la madume matupu, hata wakiwa mia, linakwisha nao. Jike ndiye anayelifanya kundi lidumu.

Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa ng'ombe kwa njia nyingine. Katika somo la nomino za makundi hukariri bumba la nyuki, wingu la nzige, tita la kuni, genge la wezi, kisha kundi la ng'ombe. Mtihani anafaulu. Lakini neno kundi limemwambia tu kwamba wanyama ni wengi na wako pamoja. Halikumwambia wangapi wamezaa, wangapi bado wananyonya, nani ni mama wa nani, wala ni wa nyumba ipi.

Upungufu huo hauishii darasani. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 36, na kwa Afrika hutajwa kuwa ya pili baada ya Ethiopia. Sehemu kubwa ya ng'ombe hao wako mikononi mwa watu ambao nyumbani huzungumza Kisukuma, Kimaasai, Kidatoga na lugha nyingine za wafugaji. Lakini bungeni, mahakamani, ofisini kwa mkuu wa wilaya na gazetini, habari zao husemwa kwa Kiswahili. Ng'ombe aliyekuwa na jina, rangi, mama na historia anafika huko akiwa "mfugo" mmoja. Kiswahili, lugha iliyopewa kazi ya kuwaunganisha watu hawa na serikali yao, kina wajibu wa kuwasemea ng'ombe wao vizuri kuliko kinavyofanya sasa.

Wala si kwamba lugha hii ni maskini. Kamusi zinao ndama, mtamba na mori kwa jike ambaye hajazaa, mbuguma kwa ng'ombe mzazi, njeku kwa fahali mchanga, fahali mwenyewe, na maksai aliyehasiwa. Methali ya kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye haikutungwa na watu waliowaona ng'ombe kwa mbali. Nundu ni alama ya zebu, ng'ombe wenye asili ya Asia, na utafiti wa vinasaba ulioongozwa na Olivier Hanotte na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha jinsi damu ya zebu ilivyoingia kwa nguvu katika ng'ombe wa upande huu wa mashariki mwa Afrika. Watu wa pwani waliitazama nundu hiyo, wakamtazama na anayeibeba, wakapata la kusema. Maneno yapo. Yaliyobaki ni kuyatumia.

Tazama habari za ukame. Kati ya mwaka 2020 na 2022 Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2 katika maeneo kame, na taarifa karibu zote zilitoa idadi, zikaishia hapo. Kwa mfugaji, idadi ni mwanzo tu wa taarifa. Wakifa maksai kumi, amepoteza nyama, fedha za mnadani na labda nguvu za kulima. Wakifa mitamba kumi, amepoteza maziwa ya miaka ijayo na ndama wa ndama zao. Mtamba wa kienyeji huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 3 hadi 4, hubeba mimba kwa takriban miezi 9, na malishoni hupata ndama mmoja kila baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Nusu ya ndama hao watakuwa madume. Ukipiga hesabu hiyo utaona kwa nini familia moja hurudi kusimama baada ya misimu michache na jirani yake, aliyepoteza idadi ileile, akahamia mjini kutafuta kazi ya ulinzi. Mwandishi akiandika "ng'ombe 200 wamekufa" bila kutaja mitamba ni wangapi, ameiacha nje habari yenyewe.

Wataalamu nao wana neno lao. Katika hesabu za malisho hutumia kizio ambacho ni mnyama wa kilo 250, na kwa kawaida ngamia huhesabiwa 1, ng'ombe 0.7, mbuzi au kondoo 0.1. Kipimo hicho kina faida yake, maana nyanda za malisho zina kikomo na lazima pawe na namna ya kulinganisha midomo inayozila. Hatari huanza pale 0.7 inapotoka kwenye jedwali la malisho na kuingia kwenye uamuzi wa nani ahame, nani apunguze, nani alipwe kiasi gani.

Wenyewe wanaoishi na ng'ombe huwaitaje? Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, aliyekaa na Wanuer wa Sudan Kusini miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1940, alikuta watu wenye majina ya mamia ya miunganiko ya rangi na mabaka, na juu yake maneno ya maumbo ya pembe. Kijana anapoingizwa utu uzimani hupewa dume, na jina la dume hilo likawa jina lake mbele ya wenzake. Kwa majirani zao Wadinka, majina ya ng'ombe yameingia hadi kwenye siasa: Mabior, katika jina la kiongozi wa ukombozi wa Sudan Kusini, John Garang de Mabior, ni dume jeupe. Kusini kabisa mwa bara, Wazulu humwita ng'ombe mwenye vidoa vidogo vilivyotawanyika mayai ya kipozamataza, kwa sababu ngozi yake inafanana na yai la ndege huyo. Aliyelibuni jina hilo alikuwa amekaa majanini, akakiona kiota na akamwona ng'ombe.

Kwa Wamaasai, mwanaanthropolojia John Galaty alieleza katika makala ya mwaka 1989 jinsi wafugaji wanavyowatambua ng'ombe kwa rangi, umbo na ukoo. Jioni, kundi linaporudi bomani, mchungaji hahitaji kuhesabu. Anatazama, na nafasi ya aliyekosekana inaonekana. Kuna pia jambo la ndani zaidi. Katika desturi ya Kimaasai, mume humgawia kila mke ng'ombe wa kukamua, na watoto wa kiume wa mke huyo hurithi kutoka ng'ombe wa nyumba ya mama yao. Basi kumweleza ng'ombe kikamilifu ni kusema pia ni wa nyumba ipi. Daftari likiandikwa jina la mume peke yake, haki ya mke juu ya maziwa na haki ya wanawe juu ya urithi huwa zimefutwa kwa kalamu, hata kama hakuna aliyekusudia kuzifuta.

Mahali ambapo maneno ya wafugaji yameonyesha thamani yake bila ubishi ni kwenye magonjwa. Upo ugonjwa ambao Wamaasai kwa lugha yao huuhusisha na nyumbu. Ng'ombe hutokwa na makamasi, macho huwa meupe, homa hupanda, na karibu kila anayeugua hufa. Wazee walisema unatokana na nyumbu waliozaa, na kila mwaka, nyumbu wanapoangusha ndama katika nyanda za majani mafupi za Ngorongoro na Serengeti, waliwaondoa ng'ombe wao wakawapeleka juu, hata kama majani bora ya msimu yalikuwa palepale chini. Wageni wengi waliona hiyo ni imani tu. Mwaka 1960 Walter Plowright na wenzake, wakifanya kazi Muguga nchini Kenya, walivipata virusi vya ugonjwa huo ndani ya nyumbu, na baadaye ikathibitishwa kwamba ndama wa nyumbu ndio wanaovieneza zaidi. Jina la ugonjwa lilikuwa limebeba chanzo, msimu na kinga, vizazi vingi kabla ya darubini.

Plowright huyohuyo ndiye aliyetengeneza chanjo iliyokuja kuishinda sotoka. Neno hilo Kiswahili kinalo, na kila mwanafunzi wa historia ya nchi hizi angefaa kulijua. Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwaka 1887 pamoja na ng'ombe walioletwa Eritrea kwa ajili ya jeshi la Italia, ikashuka kusini kwa miaka michache, ikamaliza ng'ombe, nyati na nyumbu. Wamaasai wanakiita kipindi hicho Emutai, maangamizi. Mwaustria Oscar Baumann alipopita Ngorongoro mwaka 1892 alikuta watu waliokondeana kwa njaa. Sehemu ya udhaifu ambao Waingereza na Wajerumani waliukuta kwa wenyeji walipozigawana nchi hizi ilisababishwa na sotoka, na mbuga nyingi ambazo watalii leo hudhani hazijawahi kukaliwa zilikuwa zimeachwa tupu na janga hilo.

Chanjo ya Plowright ilihitaji barafu. Ilipopatikana aina inayostahimili joto, iliyotokana na kazi ya Jeffrey Mariner, wafugaji wenyewe walifundishwa kuchanja, katika nchi ya Waafar, Sudan Kusini na Karamoja, mahali ambapo gari la daktari wa mifugo halikufika. Katika hatua za mwisho, virusi vilipokuwa vimejificha kama ugonjwa mwepesi katika maeneo ya Wasomali, wataalamu walikaa chini na wafugaji, wakawauliza waeleze kwa maneno yao: macho yalikuwaje, harufu ikoje, ugonjwa huu wanautofautishaje na ule. Majibu hayo yaliwaelekeza pa kuchukua damu. Mara ya mwisho virusi vya sotoka kuonekana duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangazwa huru. Ni ugonjwa wa pili tu kufutwa na binadamu, baada ya ndui, na msamiati wa wachungaji ulikuwa miongoni mwa zana za kazi.

Mafanikio hayo yanaifanya iumize zaidi historia ya maneno yaliyotoka upande mwingine. Mwaka 1926 Mmarekani Melville Herskovits alichapisha utafiti wake kuhusu jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki, na kutoka hapo likaenea wazo kwamba watu hawa wana mapenzi ya ng'ombe yasiyo na hesabu ya uchumi ndani yake. Yeye mwenyewe alikuwa akieleza utamaduni. Maofisa wa kikoloni walilichukua kama utambuzi wa maradhi, na dawa ikawa kuwapunguza ng'ombe.

Mwaka 1938 serikali ya Kenya iliwaingilia Wakamba wa Machakos, ikawalazimisha kuuza ng'ombe kwa bei ya chini wakati kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kikianza kazi Athi River na kinahitaji wanyama. Kwenye karatasi jambo hilo liliitwa kupunguza mifugo ili kuokoa udongo. Udongo kweli ulikuwa umechoka, lakini Wakamba walikuwa wamebanwa katika eneo dogo baada ya ardhi yao kuchukuliwa na walowezi, na hilo halikuwamo katika neno kupunguza. Maelfu ya wanaume, wanawake na watoto walitembea hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa Lamu. Kabla mwaka haujaisha serikali iliachana na uuzaji wa lazima. Mtaa wenye jina lake uko katikati ya Nairobi hadi leo.

Msamiati wa wakati ule una wajukuu. Katika habari za Tanzania husomwa kuhusu "kuvuna mifugo", "makundi makubwa ya mifugo yavamia", "wafugaji wavamizi". Mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu wilayani Mbarali, wengi wakielekezwa Lindi, maneno ya aina hiyo yalijaa kurasa. Kukauka kwa Mto Ruaha Mkuu lilikuwa tatizo la kweli. Hata hivyo, mashamba ya mpunga yaliyokuwa yakichota maji ya mito hiyohiyo yaliitwa kilimo, wakati ng'ombe waliitwa uvamizi. Neno moja lilikuwa limekwisha kutoa hukumu kabla maji hayajapimwa.

Oktoba 2017, Tanzania iliwapiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 waliovuka kutoka Kajiado. Kwenye habari waliitwa "ng'ombe wa Kenya". Nchi ina haki ya kulinda mpaka wake na kuzuia magonjwa, na hakuna mfugaji makini anayekataa hilo. Lakini mpaka huo ulichorwa na Waingereza na Wajerumani kuanzia mwaka 1886, katikati ya ardhi ya malisho ya watu wa koo zilezile, na kiangazi hakikuuliza unapita wapi. Ng'ombe wale walikuwa na wenyewe, na baadhi ya wenyewe wana ndugu Longido. Jina la uraia liliwafuta wote, likabaki suala la nchi na nchi.

Mtu anaweza kusema haya ni manung'uniko ya wapenda lugha. Aende mahakamani akasikilize kesi ya wizi wa mifugo. Mahakama za Tanzania zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba anayedai mali iliyoibwa aeleze kwanza alama zake maalumu, kabla hajaonyeshwa. Ni kanuni ya haki, inamlinda mshtakiwa. Sasa mzee wa Meatu, ambaye kwa Kisukuma angemweleza ng'ombe wake kwa namna asingechanganywa na mwingine yeyote wilayani, anasimama kizimbani na kwa Kiswahili anasema: "Ni mwekundu, ana madoa." Wakili wa upande wa pili anasimama na kuuliza ni ng'ombe wangapi wekundu wenye madoa katika kijiji hicho. Mzee hana la kujibu. Mahakama za mwanzo zimetumia Kiswahili tangu zamani, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya kuwa lugha ya mahakama nchini. Ilikuwa hatua njema, na deni lake ndilo hili: lugha inayopokea ushahidi iwe na pa kuuweka.

Usukumani wanajua gharama ya deni hilo. Sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanavijiji, waliibuka huko mwanzoni mwa miaka ya 1980 hasa kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, watu wakiwa wamekata tamaa na mkondo wa polisi na mahakama. Mwano, yowe la hatari, ukipigwa, watu walifuata nyayo kijiji hadi kijiji, na waliofuata walijua wanamtafuta ng'ombe gani kwa sababu walikuwa wakizungumza lugha moja kumhusu. Sungusungu walikuja kufanya mabaya pia, yakiwemo mauaji ya wanawake wazee kwa tuhuma za uchawi, na doa hilo haliwezi kupakwa rangi. Hata hivyo, ilieleweka kwa nini walihitajika.

Serikali imekuwa ikitafuta dawa kwa njia ya alama. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ilipitishwa mwaka 2010. Mwaka 2017 ilikuwa chapa ya moto nchi nzima, kisha zikaja hereni za kielektroniki, na Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkoani Simiyu kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Kampeni hiyo inastahili kuungwa mkono. Namba inasaidia kufuatilia ugonjwa, inafungua soko la nyama nje ya nchi, na ni ushahidi mzuri mahali ambapo hereni ingali sikioni. Mwizi, hata hivyo, hukata sikio. Rangi, mabaka na ukoo hawezi kuvikata. Kwa hiyo kila hereni ingefaa ifuatane na maelezo ya mwenye ng'ombe: rangi kwa lugha yake na kwa Kiswahili, umbo la pembe, jina la mama, na nyumba ya mke anayemkamua. Mistari minne. Simu ya ofisa mifugo wa kata inatosha kuiandika na kuongeza picha.

Kazi iliyobaki ni ya watu wa lugha. BAKITA na TATAKI, taasisi za Kiswahili nchini Tanzania, zimesanifu maneno ya kompyuta, ya benki na ya sheria. Zikae pia na wafugaji. Kiswahili kilishapokea ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, na Wamaasai wanauita oltikana. Kama lugha iliweza kupata neno la ugonjwa linalokaribiana hivyo na la mfugaji, inaweza kupata la rangi inayochanganya nyeusi na nyeupe ubavuni, la pembe moja iliyoinama, la ng'ombe aliyezaa mara ya kwanza na la yule aliyezeeka kundini. Mori, mbuguma na njeku nayo yatolewe kamusini yarudi kwenye habari za minada ya Pugu na Themi, mahali ambapo madalali wanatofautisha wanyama hao kila siku kwa macho na bei, wakati gazeti linaandika "ng'ombe" tu.

Wazee wenye ujuzi huo wangali wapo Simanjiro, Longido, Meatu, Hanang na Kajiado, na wajukuu wao wanachunga wakiwa na simu zenye kamera na kinasa sauti. Msimu wa mvua, majani yakiwa karibu na boma na safari za kutafuta maji zikiwa fupi, wazee hupata nafasi ya kukaa na kuzungumza. Huo ndio wakati wa kuwatuma watu huko na daftari.